Mteja asiyeona kaniletea laptopu yenye skrini iliyokufa, kasema skrini niiache hivyo hivyo. Nianzie wapi?

fundi_mirongo:

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi wa kompyuta na printa hapa Mwanza, kibanda kipo Mirongo, mwaka wa tisa huu niko kwenye hii kazi ila leo nimepata mteja kaniacha mdomo wazi.

Kaja mzee mmoja, mwalimu wa historia sekondari, bado yuko kazini, kashikwa mkono na mjukuu wake. Presha ya macho imemmaliza, anasema lilianza jicho la kulia na mwaka haujaisha la kushoto nalo likafuata, sa hivi haoni hata mwanga wa dirisha. Kaleta Dell ya mtumba, Windows 7, RAM 4, diski ni ile ya kuzunguka, na skrini imepasuka kona hadi kona (mtoto aliikalia), ukiwasha unaona mistari ya zambarau tu basi. Mimi kwa mazoea nikaanza kupiga hesabu kwa sauti, skrini ya hii naipata kwa jamaa wa mtumba kwa laki na ishirini, weka na ufundi hapo. Mzee akaniacha nikamaliza kabisa, halafu akacheka, akasema "Fundi, hiyo skrini mimi ya nini? Hata uniwekee ya dhahabu siioni. Niwekee ya kuongea."

Wakuu sikuwa na neno.

Anachotaka ni kutunga mitihani yake mwenyewe, maana sa hivi anamsomea mwalimu mwenzake ndo anachapa, na anasema mtihani ukishapita kwenye mkono wa mtu mwingine sio siri tena. Pia asome PDF na barua pepe. Kabla yangu kapita kwa mafundi wawili, mmoja kamwambia lazima aagize "kompyuta ya vipofu" kutoka nje, wa pili kamwambia kuna programu ya kusoma skrini kwa sauti inaitwa JAWS ila bei yake unanunua laptopu kama hii tatu na chenji inabaki.

Kitu kingine kilichonishangaza, nilimuwekea laptopu mbele yake, akaweka mikono juu ya kibodi, kidole cha shahada cha kushoto kikatembea mpaka kwenye F kikasimama, cha kulia kikasimama kwenye J. Kumbe ana kozi ya taipu ya zamani, ya mashine ile ya kugonga. Mimi nimefungua kibodi sijui ngapi maishani, vile vijistari vya kwenye F na J nilikuwa najua ni urembo tu.

Sasa naomba msaada. Programu gani? RAM 4 itabeba? Kuna sauti ya Kiswahili au mpaka Kizungu? Na mimi nitafanyaje kazi kwenye mashine isiyo na skrini, au nichomeke monita ya nje halafu nichomoe nikimaliza?


zungu_la_unga:

Sio kwa ubaya ila kwani asiyeona kompyuta ya nini, simu si zinaongea siku hizi? Mwambie mzee anunue simu ya Android aweke TalkBack, ile ya kusoma skrini ya simu, aendelee na maisha, utamtoa hela yake bure.


Masikio_Mawili:

Zungu la unga nimekusoma hapo juu, tena nimekusoma kwa masikio, mimi sioni tangu nina miaka sita. Simu ninayo na TalkBack naitumia kutwa nzima, kulipa, kupiga, WhatsApp, yote. Sasa wewe chukua simu yako ukatunge mtihani wa maswali kumi na nne, wenye jedwali na sehemu A B C, kwa kidole kimoja bila kuangalia, halafu uje utuambie saa ngapi umemaliza.

Fundi, wewe umepata mteja mzuri sana kwa sababu anajua kibodi. Hiyo ndo nusu ya safari. Watu wengi wanaopoteza macho ukubwani kinachowasumbua sio programu, ni kwamba walizoea kuangalia herufi.

Programu inaitwa NVDA, inakusomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Ni ya bure, sio ya kukraki wala ya majaribio ya siku thelathini, ni bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Aliyeianzisha ni Michael Curran wa Australia mwaka 2006, naye haoni, akaungana na rafiki yake James Teh, naye haoni pia, sababu yao kubwa ilikuwa hiyo hiyo aliyoambiwa mzee wako, kwamba mtu asiyeona analipa kompyuta mara mbili, mara ya kwanza analipa mashine na mara ya pili analipa ruhusa ya kuisikia. Kwa hiyo huyo aliyesema "kompyuta ya vipofu" mwambie hakuna kitu kama hicho, kompyuta ni ile ile.

Sasa nisikilize vizuri kwenye mpangilio maana hapa ndo mafundi mnatuua.

Kwanza sauti. Kabla hujagusa kitu kingine chochote hakikisha draiva ya sauti (programu inayoendesha spika) imekaa, spika zote mbili zinatoa, na tundu la hedifoni halina kutu. Mwaka juzi nilipeleka laptopu yangu kwa fundi mmoja (simtaji) apige Windows upya, akapiga vizuri tu, akanirudishia, nikafika nyumbani nikawasha, kimya. Nikabonyeza kila kitu, kimya. Nikampigia akasema "mbona hapa inawaka vizuri kaka, Windows imefunguka safi". Hakuweka draiva ya sauti, alisema ataweka siku nikipita maana kwake sauti ni ya kusikilizia muziki. Siku tatu nimekaa na mashine nzima ambayo kwangu mimi ilikuwa kipande cha plastiki. Kwa hiyo fundi shika hilo, spika za huyo mzee ndo skrini yake.

Pili usimwekee zile Windows za mtaani zilizokatwakatwa ziwe nyepesi. Wanaozikata mara nyingi wanatoa Narrator, ile programu ya kusoma ya Windows yenyewe, na sauti zake, kwa sababu wanaona hazina mtumiaji. Weka Windows 10 kamili. NVDA iliacha kushika Windows 7 kuanzia toleo la 2024, la mwisho linalokubali ni 2023.3, sasa usimfungie mzee huko nyuma.

Tatu, ile hela ya skrini iweke kwenye SSD, diski isiyozunguka, yenye kasi. Niulize kwa nini. Mashine ikiwa nzito wewe unaona kile kiduara kinazunguka, unajua inafikiria, unasubiri. Mimi sioni kiduara. Nabonyeza, kimya. Sijui imeganda, sijui imezima, sijui programu ya kusoma imekufa, sijui nimebonyeza sipo. Nabonyeza tena na tena, halafu inaamka ghafla inafanya yote niliyobonyeza kwa mkupuo, imefunga faili, imefungua jingine, imejibu No pale palipotakiwa Yes. RAM 4 na SSD atafanya kazi yake ya Word bila shida. RAM 4 na diski ya kuzunguka atakuchukia.


fundi_mirongo:

Dah mkuu hili la kiduara sijawahi kuliwaza hata siku moja. SSD ninayo ya 240 hapa. Vipi Kiswahili sasa?


Masikio_Mawili:

Ipo. Ndani ya NVDA kuna injini ya sauti inaitwa eSpeak, nayo Kiswahili kimo. Bonyeza Ctrl na Alt na N iwake, halafu Insert na Ctrl na V inafungua mipangilio ya sauti, chagua Swahili. Nakuonya mapema, ni sauti ya roboti, mzee ataona kama anasomewa na bati. Ila inataja maneno sawa, "ng'ombe" ni ng'ombe. Tatizo lake ni Kizungu, ukiiacha kwenye Kiswahili itasoma kila kitu kwa herufi kama sisi tunavyosoma, kwa hiyo menyu ya File inakuwa "fi-le" na Home inakuwa "ho-me". Mimi nilishazoea nacheka tu. Kinyume chake ni kibaya zaidi, uiache kwenye Kizungu halafu isome barua ya Kiswahili, hapo hata mwandishi hataitambua barua yake.

Akitaka sauti tamu ya kusomea makala ndefu afungue kwenye Edge, kuna Read Aloud, Ctrl na Shift na U. Sauti za Kiswahili zipo nne, Rehema na Daudi za Tanzania, Zuri na Rafiki za Kenya. Hizo zinaongea kama mtu kabisa ila zinakula bando maana zinatoka mtandaoni, na haziwezi kumsaidia kuendesha mashine, ni za kusoma tu.

Laptopu nyingi kutafuta Insert ni kazi, pale mwanzo NVDA inakuuliza kama utumie Caps Lock badala yake, kubali. Kuanzia hapo Caps Lock ndo mkono wake wa kulia. Caps na N menyu. Caps na T inamwambia yuko dirisha gani. Caps na F12 saa ngapi. Caps na Shift na B betri imebaki kiasi gani. Na Ctrl peke yake inanyamazisha, hiyo mfundishe ya kwanza kabisa kabla ya zote, mtu asiyejua kuinyamazisha anaichukia ndani ya dakika kumi. Caps na 1 ya juu ni darasa, hapo kila kitufe atakachogusa kinajitaja jina na kazi yake na hakifanyi kitu, anaweza kukaa jioni nzima anapapasa bila kuharibu.

Ya skrini, chomeka monita ya nje ufanye kazi yako, ukimaliza chomoa. Wala mzee hajakosea, NVDA yenyewe ina sehemu ya kuzima skrini kwa makusudi, mimi huitumia kwenye basi maana jirani hawezi kuchungulia ninachoandika. Shida ya kukosa skrini kabisa ni moja tu, siku akikwama mjukuu hawezi kumsaidia kwa macho. Kwa hiyo lile tundu la VGA, la kuchomekea monita, bandika kitu kidogo cha kushikika pembeni yake, ajue ni hapo.


mkali_wa_JAWS:

NVDA ni ya kujifunzia, JAWS ndo baba lao, ofisi nyingi kubwa ni JAWS. Fundi njoo inboksi nikupe iliyokrakiwa, naitumia mwaka wa tatu haina shida.


Mwalimu254:

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania, mimi niko huku Kenya nafunza kompyuta shule ya wasioona, acha nichangie kidogo hapo kwa JAWS.

JAWS si mbaya, nayo ni kazi ya mtu asiyeona. Ted Henter alikuwa mkimbizaji wa pikipiki za mashindano, akapoteza macho kwa ajali ya gari mwaka 1978, akasomea kompyuta akiwa haoni na kampuni yake ndiyo ilitoa JAWS enzi za DOS. Kwa Excel nzito na programu za benki bado inashinda. Lakini hiyo ya kukraki tafadhali usimpe mzee. Siku Windows ijiapdeti na krak ikatae, yeye hapati ujumbe kwa skrini, anapata kimya, vile Masikio amesema. Mwenye macho krak ikimkataa amepoteza programu moja, huyu amepoteza mashine yote. Na kama anataka kuionja, JAWS bila leseni inafanya kazi dakika arobaini halafu inataka uwashe mashine upya, ndio ilivyo, si haramu. Sisi wakati mmoja tulikuwa tunafunza hivyo darasani, kila dakika arobaini kompyuta kumi zinazimwa na kuwashwa, watoto walikuwa wanaita "breki ya chai". Tulihamia NVDA tukapumua.

Sasa jinsi ya kumfunza, fundi, kwa sababu najua utaishia kuwa mwalimu wake hata hutaki. Mausi iweke kwa droo. Usiseme "bonyeza hapo" wala "ile ya bluu", hakuna hapo na hakuna bluu. Mimi wiki yangu ya kwanza nilikuwa nasema "angalia juu kulia" mpaka kijana mmoja wa fomu wani akaniuliza, "mwalimu, juu ya nini?" Siku hiyo nilienda nyumbani nikafunga macho, nikazima skrini ya kompyuta yangu, nikajaribu kuandika barua na kuituma. Nilitumia saa mbili na nikaituma kwa mtu mwingine kabisa! Jaribu hiyo kabla hujampelekea.

Halafu hedifoni, lakini sikio moja. Anayeziba masikio yote mawili anakuwa haoni na hasikii, hajui nani ameingia kwa chumba.

Wenye wanadhani haya ni mambo mapya, shirika la inABLE wako na maabara za kompyuta kwa shule za wasioona tangu 2009, Thika ndiko walianzia. Watoto wanajifunza kuandika programu huko.


zungu_la_unga:

Sawa nimekubali nimekosea, mambo ya simu nafuta kauli. Hiyo ya kufunga macho nimeijaribu hapa kwa Narrator, Ctrl na Windows na Enter, dakika mbili tu nimetoka jasho.


mama_Jojo:

Samahanini wenye uzi naomba nidandie. Mimi nina mtoto wa miaka kumi na moja ana mtindio wa ubongo, macho mazima kabisa na akili inachemka kuliko ya dada zake, shida ni mikono. Haishiki. Akitaka kubonyeza A kidole kinaburuza kinagonga S na Q njiani, na akishafika kwenye A anashindwa kuunyanyua mkono haraka kwa hiyo inajiandika aaaaaaaaa mstari mzima. Shuleni wamesema anaandika polepole hawawezi kumsubiri. Baba yake kanunua kompyuta ya mezani ya mtumba kwa ajili yake lakini kila akikaa nayo analia. Kuna kitu kama hiyo NVDA ila ya mikono?


Mwalimu254:

Mama Jojo pole, na usijali kudandia, hii ni safari moja. Tena yako ni rahisi kuliko ya mzee, hakuna cha kudaunlodi, viko ndani ya Windows tayari.

Kibodi inayoburuza na inayojirudia dawa yake ni Filter Keys. Shikilia Shift ya kulia sekunde nane, itakuuliza, kubali. Ukiingia kwa mipangilio yake unaiambia mambo mawili. Moja, kitufe kikiguswa haraka haraka njiani usikihesabu, subiri mpaka kishikwe kwa muda fulani. Mbili, kikishikiliwa sana kiandike mara moja tu. Hizo sekunde unapima na yeye mwenyewe, anza na muda mfupi, ukiona bado S na Q zinaingia ongeza kidogo. Usimwekee mrefu sana siku ya kwanza, ataona kompyuta imekataa kumsikiza.

Herufi kubwa ndiyo Sticky Keys. Anagusa Shift anaiachilia, halafu anagusa herufi, inatoka kubwa. Hahitaji kushika mbili kwa pamoja. Hiyo unaiwasha kwa kugonga Shift mara tano.

Na kuna kitu hakina umeme kabisa. Tafuta fundi wa mabango, wale wa plastiki ngumu ya kung'aa, umpelekee kibodi yako yenyewe apime, akate ubao wenye matundu, tundu moja kwa kila kitufe, ulale juu ya kibodi kwa vijiguu vidogo. Mtoto analaza mkono wote juu ya plastiki na hakuna kinachobonyezwa, kidole kinateleza mpaka kinaingia kwa tundu anayotaka. Ulaya zinauzwa bei ya kutisha. Mimi nilitengenezewa na jamaa wa mabango kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Mwambie alainishe kingo za matundu kwa msasa, zetu za kwanza zilikata watoto vidole.


fundi_mirongo:

Wakuu ngoja nikiri kitu hapa. Ile Sticky Keys, ile inayotokea ukigonga Shift mara tano na mlio wa kuudhi, mimi huwa naizima kwenye KILA mashine inayopita mezani kwangu. Miaka tisa. Ni sehemu ya huduma kabisa, naweka draiva, naweka VLC, nazima Sticky Keys, nafuta Narrator isijiwashe. Wateja wa gemu ndo walinizoesha, nikaona ni takataka za Microsoft za kujaza nafasi. Sasa sijui nimezizimia nani.


Masikio_Mawili:

Hahaha fundi usijinyonge. Hizo zilianzia kwenye kituo kimoja cha Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, Trace, ndo zikaingizwa kwenye Windows 95, kwa hiyo zina umri mkubwa kuliko nusu ya wateja wako wa gemu. Mlio wenyewe una kazi, unamwambia asiyeona kwamba imewaka.


zeruzeru_wa_Shy:

(Jina nimejiita mwenyewe, mtu mwingine asiniite.) Naongezea la sisi wenye ualbino maana huwa tunasahaulika katikati, haoni sio, anaona sio. Mimi naona ila nikikaa umbali wenu sioni, na mwanga mweupe wa skrini unanichoma. Windows na alama ya kujumlisha inaleta Magnifier, ukibonyeza tena inazidi kukuza, Windows na Esc inaondoka. Kwenye Magnifier kuna sehemu ya kugeuza rangi, karatasi inakuwa nyeusi maandishi meupe, hapo nakaa saa nane bila kichwa kuuma. Zamani nilikuwa naweka pua kwenye skrini mpaka watu wananipiga picha.

Kinachoniudhi ni ofisini. Pale nilipo jamaa wa IT walifunga mipangilio yote ili wafanyakazi wasichezee, na kukuza maandishi nako kumo kwenye "kuchezea". Niliandika barua ya kuomba ruhusa ya kukuza herufi. Barua. Ikajibiwa baada ya wiki tano.

Fundi na wewe ukiuza monita kwa mtu wa hivi mpe ya matte, zile za kung'aa kama kioo ni mateso.


dev_kinondoni:

Nipo kwenye kutengeneza mifumo, swali kwa Masikio, kwa upande wetu tunakukosea wapi zaidi? Nijibu bila huruma.


Masikio_Mawili:

Batani. Nafika kwenye mfumo wenu, nagonga B kutembea kwenye batani, NVDA inasema "batani". Nagonga tena, "batani". Tena, "batani". Batani saba, hazina jina hata moja, kwa sababu mmechora kipicha cha mshale na kipicha cha pipa la taka hamkuweka maandishi nyuma yake. Moja wapo inatuma maombi yangu na moja inayafuta. Mimi huwa nachagua kama mtu wa bahati nasibu.

Ya pili ni PDF za skana. Barua imechapwa kwenye kompyuta, ikaprintiwa, ikagongwa muhuri, ikaskaniwa, ikawa picha, NVDA inafungua inasema haina kitu. Kwa fundi, mfundishe mzee Caps na R, hiyo inajaribu kutambua maandishi ndani ya picha, Windows 10 inayo. Muhuri ukikaa juu ya tarehe inatoa madudu ila angalau utajua barua inahusu nini.


dev_kinondoni:

Naenda kukagua batani sa hivi. Nahisi nina ile ya pipa.


fundi_mirongo:

MREJESHO wakuu, samahani kwa kimya, umeme ulikuwa unakatika.

Nimeweka SSD, Windows 10 kamili, draiva ya sauti ndo ilikuwa ya kwanza kama nilivyoamriwa. Spika ya kushoto ilikuwa imejaa vumbi inakoroma, nimeitoa nimeisafisha na brashi ya mswaki. NVDA nimeweka, Kiswahili, Caps Lock. Pembeni ya tundu la VGA nimebandika kipande cha ngozi ya kiatu, anaisikia kwa kidole gumba. Halafu nikafanya ule mtihani wa Mwalimu254, nikachomoa monita nikajifunga leso. Sitaki kusema ilichukua muda gani. Nilifuta faili langu la stoo.

Jana alasiri mzee kaja. Nikampa, nikamwambia Ctrl ni ya kunyamazisha, akaijaribu mara nne tano anaiwasha anainyamazisha kama mtoto na swichi ya taa. Tukafungua Word. Akaandika mstari mmoja, akarudi nyuma na mishale, inamsomea herufi moja moja, akasikia "Mkwawa" ameandika w mbili, akairudia akaifuta ile moja. Mjukuu alinyoosha mkono amsaidie, mzee akaupiga mkono. Akakaa pale kibandani saa nzima, wateja wawili wakasubiri, mimi niliwaambia kazi inaendelea. Sauti ilimuudhi kweli, kaniambia "huyu bwana ana mafua?", ila akaiongeza spidi mwenyewe mpaka mimi nikawa siielewi. Ya "fi-le" kaipenda, anasema ndo inavyotakiwa kutamkwa.

Mama Jojo nimekutumia inboksi, kuna jamaa wa mabango hapa jirani kasema ubao wa matundu anaweza, anataka kibodi yenyewe ije. Na ile Sticky Keys kuanzia wiki hii siizimi, mteja akilalamika namuonyesha pa kuizimia mwenyewe.


Masikio_Mawili:

Safi sana fundi. Swali moja tu. Mashine ya mzee ina paswedi?


fundi_mirongo:

Ndio, kaniambia niweke, si ni mitihani ile.


Masikio_Mawili:

Na ulienda kwenye mipangilio ya NVDA, General, ukatiki ile ya kuanza kwenye ukurasa wa kuingilia? Halafu chini yake kuna batani ya kunakili mipangilio yako huko, usipoibonyeza pale kwenye paswedi haitatumia sauti uliyochagua.


fundi_mirongo:

Mh.

Ndo maana kanipigia leo asubuhi mara tatu nikadhani anashukuru. Nafunga kibanda naenda kwake.